Meno yamebadilika rangi? Tafuta kwanza doa limetoka wapi, ndo uwaze kuyang'arisha

Nimekulia Usa River, pale chini ya Mlima Meru, na kama na wewe ni mtu wa huko unajua naongelea nini kabla sijamaliza kusema. Meno ya mbele yana madoa ya kahawia, mengine yana mistari myeupe kama ya chokaa, na ukienda Dar au Dodoma ukicheka tu mtu anakuuliza "we wa Arusha eeh?". Nimeishi hivyo miaka mingi, nikicheka nafunika mdomo kwa kiganja, picha zote za chuo nimefumba mdomo, na hela niliyomwaga kwenye vitu vya kung'arisha meno kabla sijaonana na daktari wa meno hata mmoja inaniuma mpaka leo, na sio hela tu manake vingine viliniumiza kabisa mdomoni.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilidhani meno yote yaliyobadilika rangi yana ugonjwa mmoja na dawa moja. Sio kweli hata kidogo. Kuna doa liko juu ya jino, hilo linatoka kwa kusafishwa, na kuna doa liko ndani ya jino lenyewe, hilo hata usugue mpaka mswaki uishe nywele halitoki, utamaliza jino doa bado lipo. Ukishajua la kwako ni lipi umeshaokoa nusu ya hela yako na ganzi yote ambayo mimi niliipata bure.

Jino lenyewe likoje

Jino lina gamba la nje gumu sana linaitwa enameli, linapitisha mwanga kidogo kama kioo chenye ukungu, na chini yake kuna dentini ambayo kiasili ni ya njano. Kwaiyo rangi unayoiona kwenye kioo ni mchanganyiko wa hivyo viwili, na ndo maana jino zima lenye afya la mtu mzima sio jeupe kama karatasi, lina umanjano kwa mbali, na chonge ni za njano kuliko majirani zake kwa kila mtu. Ukizeeka enameli inalika taratibu, dentini inaonekana zaidi, meno yanakuwa ya njano zaidi hata kama hujawahi kuvuta sigara maishani. Naanza na hili manake kuna watu wanahangaika na meno ambayo hayana tatizo lolote, wameona tu picha za watu waliovalishwa vinia (yale magamba membamba yanayobandikwa mbele ya meno) nyeupe pee wakadhani hivo ndo meno yanatakiwa kuwa.

Jinsi ya kujikagua nyumbani

Simama dirishani asubuhi, sio chini ya taa ya bafuni, taa inadanganya. Chukua kioo kidogo, shika karatasi nyeupe kando ya mdomo, alafu kausha meno ya mbele na kitambaa safi kama dakika nzima ukiwa umeinua mdomo wa juu kwa kidole. Jino likikauka madoa meupe yanajitokeza zaidi, hata daktari ndo anavyofanya, anapuliza hewa kwanza ndo anaangalia. Piga picha ukiwa na hiyo karatasi, iweke, utaihitaji baadae kulinganisha.

Sasa pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kama unasikia kitu cha kukwaruza, kama kingo ya mwamba imeshika pale karibu na fizi, huo ni ukoga ulioganda. Ukoga unanyonya rangi ya chai, kahawa, sigara, tambuu, na ukishaganda mswaki hauutoi. Madoa ya nje huwa yanakaa karibu na fizi na katikati ya jino na jino, sehemu ambazo mswaki unaruka, na huwa yanaongezeka taratibu mwaka hadi mwaka. Chai ya rangi tunayokunywa vikombe vinne kwa siku inachangia sana kuliko watu wanavyofikiri, kahawa pia, miraa ikifuatana na sigara na chai nzito ndo kabisa, na ugoro. Kuna mengine watu hawayajui: dawa ya maji ya kuongeza damu yenye madini ya chuma inaacha weusi kwenye meno ya mtoto, na ile dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ukiitumia zaidi ya wiki mbili inaleta ukahawia kwenye meno na ulimi. Yote haya ni madoa ya nje, yanasafishika, usiogope.

Doa la ndani lina tabia zake. Kama lilikuwepo tangu jino limeota, yaani ulipokuwa na miaka saba nane meno ya kudumu yalipotoka yalitoka nalo, na kama kushoto na kulia yanafanana, jino la pili upande huu lina mstari na mwenzake upande ule anao palepale, hiyo ni floridi kwa watu wa kwetu, madini yanayokuja na maji ya kunywa. Kama ni mikanda ya kijivu au ya bluu iliyofifia imezunguka meno karibu yote kwa usawa mmoja, hiyo mara nyingi ni tetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria, mama aliitumia akiwa na mimba au mtoto alipewa kabla ya miaka minane. Kama ni jino moja tu limekuwa jeusi au kijivu na wenzake wako sawa, kumbuka kama uliwahi kuanguka au kugongwa, mpira wa shuleni, baiskeli, kiwiko cha mtu, hilo jino huenda limekufa ndani. Na kama ni kidoti cheusi chenye shimo, chakula kinanasa, kinauma ukinywa baridi, hiyo ni kuoza. Hapo usiwaze weupe kwanza, nenda ukatibiwe jino.

Floridi, maji na magadi

Hapa nikae kidogo manake watu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na wenzetu wa Nakuru, Naivasha na Gilgil tumebeba aibu ya kitu ambacho sio uchafu. Ardhi ya Bonde la Ufa na milima ya volkano ina floridi nyingi, maji yanapopita kwenye miamba ile yanaibeba. Mto Maji ya Chai pale barabara ya Moshi na Arusha unajulikana kwa hilo. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi tulikuwa tunaruhusu mpaka miligramu 4 kwa sababu ukikaza sana maji mengi ya kwetu yangefungwa, baadae ndo tukashuka kwenye hiyo 1.5.

Floridi kidogo inalinda jino lisioze. Ikizidi wakati enameli inatengenezwa, yaani tangu mtoto azaliwe mpaka kama miaka minane, enameli inatoka na vitundu vidogo vidogo chini ya uso wake. Mwanzoni vinaonekana kama chokaa nyeupe, alafu jino likishatoka linanyonya rangi ya chakula miaka na miaka, zile sehemu zinageuka kahawia. Ukishavuka umri ule meno ya mbele hayawezi tena kuharibika kwa njia hiyo, ndo maana mgeni anayehamia Arusha akiwa mtu mzima hapati madoa hata anywe maji yale miaka ishirini, ingawa floridi nyingi sana kwa muda mrefu inaumiza mifupa, hilo ni lingine.

Na magadi. Yale ya kulainishia makande, maharage, kiburu, yanayookotwa ardhini na kwenye maziwa ya magadi, yana floridi pia, mengine nyingi mno. Huko Kilimanjaro kuna vijiji maji yao ya chemchemi hayana floridi ya kutisha lakini watoto wana meno ya kahawia, na wataalamu wa meno waliofuatilia walikuta magadi yamechangia. Mama yangu alikuwa na kopo la magadi karibu na jiko, bonge la kijivu analivunja kwa jiwe, anatia kwenye sufuria ya makande povu linapanda, na uji wa yale makande ndo tuliolishwa tukiwa wadogo. Hakujua, na mimi simlaumu, bibi alifanya hivyohivyo.

Mambo ambayo naomba uyaache leo

Limau. Hili nimelifanya mwenyewe, limau na chumvi kila usiku kwa wiki mbili, mtu alinihakikishia. Limau ni asidi kali na enameli inaanza kuyeyuka ikikutana na asidi, kwaiyo siku ya kwanza utaona jino limepauka unasema limekuwa jeupe kumbe limechunwa. Wiki ya pili nilikuwa nimekaa dirishani kwenye daladala, upepo tu ukipiga meno ya mbele nasikia ganzi mpaka kwenye sikio, maji ya bomba siwezi kusukutua. Ganzi ile ilikaa miezi. Na enameli ikishaondoka hairudi, mwili hautengenezi nyingine.

Jivu, mchanga laini, msasa, steel waya, unga wa mkaa. Vyote vinafanya kazi ya kukwangua. Mkaa sa hivi unauzwa kwenye makopo mazuri kabisa lakini hakuna ushahidi wa maana kwamba unang'arisha jino kuliko dawa ya kawaida ya meno, kinachoonekana ni weusi wake kunasa kwenye nyufa na kando ya meno yaliyozibwa. Nimeona jirani yetu mmoja kule nyumbani aliyesuguliwa na msasa na fundi wa mtaani ili atoe ukahawia, ukahawia kweli ulipungua mwezi wa kwanza, sa hivi meno yake mafupi na anakula upande mmoja.

Magadi kwenye mswaki. Watu wanasikia "baking soda" wanakwenda kuchukua magadi, sio kitu kimoja jamani. Ile soda ya kuokea ya dukani, bikaboneti, ni laini na ukiitumia mara mojamoja inasaidia doa la nje la chai, haina shida kubwa. Magadi ni makali, yanachoma fizi, na yana hiyohiyo floridi tunayoikimbia.

Haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, ile chupa ya kahawia ya duka la dawa. Usisukutue nayo hivyohivyo ilivyo kwenye chupa, usipake na pamba kwenye meno, inaunguza fizi na ulimi. Kweli ndio kemikali ileile inayotumika kwenye dawa za kung'arisha, ila pale kuna kipimo, kuna jeli inayoishika isitembee, kuna mtu ameangalia kwanza kama una jino lenye tundu, manake ikiingia kwenye tundu utajuta.

Na saluni. Mimi nilienda saluni moja mjini, dada akanipaka jeli bila kuniangalia mdomo, akaniwekea taa ya bluu, dakika ishirini fizi zinawaka moto nikavumilia nikidhani ndo kazi inafanyika. Nikatoka fizi zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa maji ya moto, zikachunika siku mbili, na madoa ya kahawia yakabaki palepale ila sasa yamezungukwa na jino lililopauka kwaiyo yakaonekana zaidi kuliko mwanzo. Anayefanya kazi hii awe daktari wa meno aliyesajiliwa, Tanzania Baraza la Madaktari Tanganyika wana orodha, Kenya kuna baraza lao la madaktari na madaktari wa meno, uliza jina na uangalie, sio ukorofi.

Sasa uanzie wapi

Anza kwa kusafishwa meno na mtaalamu, sijali doa lako ni la aina gani. Hospitali za wilaya na za mkoa zina kitengo cha kinywa na meno, Muhimbili kuna chuo kinachofundisha madaktari wa meno na kliniki yake, huhitaji kwenda sehemu ya gharama ya kutisha. Wanatoa ukoga kwa kifaa kinachotetema kinarusha maji, damu kidogo itatoka kama fizi zilikuwa zimevimba, alafu wanapitisha brashi ya kung'arisha. Mara nyingi mtu wa chai na sigara anaishia hapohapo, anakuta meno yake yalikuwa meupe chini ya ule ukoga siku zote, hahitaji jeli wala taa. Ukitoka hapo piga mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floridi (ndio, hata mtu mwenye meno ya floridi, manake hayo meno nayo yanaoza), pitisha uzi katikati ya meno, ukimaliza chai au kahawa sukutua na maji ya kawaida, na ukinywa soda au juisi ya ndimu subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Mswaki wa mti ni mzuri pia ukijua kuutafuna mpaka nyuzi zilainike, usiutumie kama kijiti cha kuchokonolea.

Dawa za meno zilizoandikwa za kung'arisha zinatoa doa la nje tu. Nyingine zina rangi ya bluu inayofanya jino lionekane jeupe kwa masaa kadhaa, sio uongo ila ujue unachonunua.

Kama baada ya kusafishwa bado jino ni la njano kwa ndani na unataka lipungue, hapo ndo unaongelea jeli. Njia ambayo mimi ningemshauri mdogo wangu ni ya trei ya nyumbani inayotengenezwa na daktari. Anachukua umbo la meno yako, anajaza sahani ya chuma na kitu laini cha pinki kinachonukia minti anakubandika juu, unapumua kwa pua dakika kama mbili mpaka kigande, akitoa unaona meno yako yote yamejichora. Siku chache baadae unapewa trei nyembamba kama plastiki ya kava la daftari, inakaa kwenye meno yako tu sio ya mtu mwingine, na mabomba ya sindano (ya kukamulia tu, sio ya kuchoma) yenye jeli ya karbamaidi peroksaidi asilimia 10. Usiogope hiyo kumi, ikishavunjika inatoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5 hivi. Njia hii imeandikwa na madaktari wa Marekani tangu 1989 na mpaka leo ndo inayoaminika zaidi.

Unafanya hivi. Usiku piga mswaki, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele mbele ya kila jino ndani ya trei, ivalishe, futa jeli iliyotoka juu ya fizi kwa kidole au pamba, ulale nayo. Asubuhi osha trei na maji ya baridi (ya moto inajikunja, yangu ya kwanza niliharibu hivyo) alafu piga mswaki. Wiki mbili mtu mwenye umanjano wa kawaida anaona tofauti. Mikanda ya tetrasaikilini inaweza kuchukua miezi mitatu mpaka sita, na zaidi, hapo uvumilivu ndo kila kitu. Jeli iweke kwenye friji, sehemu ya kawaida sio ya barafu.

Ganzi inaweza kuja, watu wengi wanaipata kiasi, inaisha ukiacha. Ikikuzidi ruka usiku mmoja au miwili, tumia dawa ya meno ya kupunguza ganzi yenye potasiamu naitreti wiki moja kabla hujaanza na wakati unaendelea, punguza jeli. Hakuna tuzo ya kumaliza haraka. Siku zile nilikunywa chai ya maziwa nyepesi na kukwepa mchuzi wa manjano na kahawa, ukiweza fanya hivyo.

Ile ya kliniki ya lisaa limoja na jeli kali ya asilimia 25 mpaka 40 ni ya haraka, wanafunika fizi kwanza kwa kitu kinachoganda. Taa yenyewe haiongezi kitu cha maana, kazi ni ya jeli. Weupe wa siku ile unashuka kidogo wiki inayofuata manake jino lilikuwa limekauka, usikasirike, ni kawaida. Na wale mnaotumiwa vitu na ndugu walioko Ulaya, kule tangu 2012 kitu chochote cha kung'arisha chenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksaidi mpaka 6 kinapitia kwa daktari wa meno kwanza na haruhusiwi mtu chini ya miaka 18, kwaiyo ukiona kijisanduku cha mtandaoni kimeandikwa asilimia 35 jitumie mwenyewe nyumbani, jiulize kimepita wapi.

Mjamzito na anayenyonyesha asubiri. Na hili watu wanalisahau: sehemu ya jino iliyozibwa, krauni (ile kofia ya kufunika jino zima) na vinia havibadiliki rangi kwa jeli. Ukiwa umezibwa jino la mbele ukang'arisha mengine, hilo litabaki na rangi yake ya zamani. Ng'arisha kwanza, subiri kama wiki mbili ndo ubadilishiwe hilo la kuziba kwa rangi mpya, manake mabaki ya oksijeni kwenye jino yanafanya gundi isishike vizuri ukifanya siku ileile.

Kwa sisi wa madoa ya floridi

Jeli peke yake inaweza kusaidia kwa madoa mepesi, inapausha sehemu ya kawaida ya jino mpaka ile mistari myeupe ipotelee ndani yake, wiki ya kwanza itaonekana mbaya zaidi, vumilia. Kwa kahawia ya juu juu daktari ana njia ya kukwangua kwa vipimo, anapaka asidi maalumu iliyochanganywa na unga wa kusugulia, anakufunika fizi na mpira, anasugua sekunde chache anaosha anaangalia, anarudia. Anatoa unene mdogo sana wa enameli, na anajua pa kuishia. Tofauti yake na msasa wa fundi ni hiyo ya kujua pa kuishia. Mimi nilifanyiwa meno manne ya juu, kahawia ilitoka nyingi kwa kikao kimoja, ikabaki kivuli cha njano, nikafuatisha jeli ya trei wiki tatu. Kuna pia utomvu mwembamba wa majimaji unaopenya ndani ya vile vitundu na kugandishwa kwa mwanga, huo unafaa zaidi madoa meupe, sio kila kliniki inao.

Floridi ikiwa kali, jino lina vishimo na linamegeka, hapo hakuna cha kung'arisha, jino linafunikwa. Kuna kompoziti, ile ya kubandika na kuchonga palepale kwenye kiti, nafuu, inarekebishika, ila baada ya miaka inanyonya rangi na kumeguka. Kuna vinia za kauri, nzuri na zinadumu, ila mara nyingi jino linapunguzwa kwanza na ukishapunguza hakuna kurudi nyuma, maisha yako yote utakuwa mtu wa kubadilisha vinia. Kijana wa miaka ishirini mwenye madoa mepesi akiniuliza namwambia ajaribu kwanza kukwangua na jeli. Mwambie daktari akutajie bei ya kila hatua peke yake, na akuoneshe picha za watu wa madoa kama yako aliowatibu, sio picha za kwenye intaneti.

Lile jino moja jeusi la kugongwa linapigwa picha ya eksirei kwanza. Likiwa limekufa linafanyiwa rutikanali, mzizi unasafishwa na kuzibwa, alafu dawa ya kung'arisha inawekwa ndani ya jino kwa nyuma, inazibwa humo siku kadhaa, unarudi inabadilishwa mpaka rangi ifanane na wenzake. Watu wengi wanang'olewa jino la mbele ambalo lingeweza kurudi hivi, inaniuma sana nikisikia.

Watoto wenu

Kama unaishi sehemu ya floridi na una mtoto chini ya miaka minane hii ndo sehemu ya kukazania kuliko jeli zote. Kuchemsha maji hakutoi floridi, kunaizidisha manake maji yanapungua yenyewe inabaki. Dawa ya kuua vijidudu haitoi, chujio la kawaida la mshumaa halitoi. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, maji ya kwanza ya mvua yaache yaoshe bati, alafu jaza tangi, la kunywa na kupikia uji wa mtoto tu linatosha, hayo ndo uyachemshe kwa ajili ya vijidudu. Kuna mitambo inayotumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa kama makaa, ile inakamata floridi kweli, kituo cha Ngurdoto kule Arumeru wamefanya kazi hiyo miaka mingi na upande wa Nakuru pia jimbo katoliki lilitengeneza machujio ya aina hiyo, ila mifupa inachoka, lazima ibadilishwe na maji yapimwe. Magadi yaondoe kwenye chakula cha mtoto, loweka makande na maharage usiku kucha yatalainika. Dawa ya meno mpe, ila chini ya miaka mitatu iwe kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo ukubwa wa punje ya njegere, na umfundishe kutema.

Dada yangu bado anaishi kule nyumbani. Tangu alipopata mimba tulifunga mfereji wa bati na tangi la lita elfu mbili, na kopo la magadi mama alilitoa jikoni mwenyewe baada ya kumueleza. Mtoto sasa ana miaka saba, meno mawili ya kudumu ya chini yametoka, nilimpeleka dirishani asubuhi nikamkausha na kitambaa huku anacheka anataka kukimbia, nikaweka karatasi nyeupe pembeni. Hayana mstari.